Paa Kabla ya Gulio

Ngoma ya boma ilipigwa asubuhi, watu bado wanaota moto. Miaka ile ya Wadachi ngoma hiyo haikuwa na desturi ya kuleta habari njema, kwa hiyo sisi watu wa mabandani tulinyamaza tukasikiliza.

Mpiga mbiu alikuwa mtu wa akida. Alisema ni amri ya Bwana Shauri, yule Mdachi wa boma: gulio lijalo likishavunjika, mtu yeyote atakayeonekana Dodoma bila nyumba ni mhuni, na mhuni atafungwa kamba apelekwe mashamba ya mkonge, kule chini karibu na pwani. Mwenye nyumba asiogope kitu. Akasema mara mbili, akaenda kupiga ngoma yake mbele ya maduka ya Wahindi. Huko hakuna aliyegeuza shingo, maana wote walikuwa na nyumba.

Mabanda yetu hayakuwa nyumba. Yalikuwa vibanda vya nyasi kando ya reli, vilivyojengwa na mkandarasi kwa ajili ya watu wa kazi. Reli ilipokwisha kupita hapo ikaelekea Tabora, mkandarasi aliondoka nayo, akachukua wenye nguvu akaacha wengine. Waliobaki ni waliovunjika vidole na chuma, wajane, wagonjwa wa homa, na Wagogo ambao ng'ombe wao walikufa kwa sotoka wakaja mjini kutafuta kibarua wakakuta kibarua kimehama. Kijijini hatukuwa na shamba, na mjini hatukuwa na kazi. Asubuhi tulibeba mizigo stesheni kama ipo, jioni tulirudi nyasini.

Kulikuwa na mwanamke mmoja anaitwa Tabu, Mrangi wa Kondoa. Alimfuata mumewe, Mbwana, alipokuja kuchimba njia ya reli, na Mbwana akafukiwa na ukingo wa udongo pamoja na sururu yake. Tabu alibaki na watoto wawili. Kaka yake alikuwa amemletea gunia la mtama kwa punda kutoka Kondoa, na gunia hilo ndilo lililokuwa uhai wao mpaka mvua. Mwaka ule uwele ulikauka mashambani Ugogo kote. Mtu mwenye gunia la nafaka alililalia kama mto, na Tabu alililalia kweli, watoto huku na huku.

Ngoma iliponyamaza, yeye alijifunga kanga akaenda barazani kwa akida. Nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na mzigo wa kubeba siku hiyo.

Akida Hasani alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na kiti cha kukunja. Tabu alimwamkia, kisha akamwuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria: nyumba ni nini.

Akida alicheka. "Nyumba ni paa, mama," alisema. "Siyo hayo majani yenu. Paa la udongo kama la wenyeji, au la bati kama la stesheni. Aliye chini ya paa ni mtu wa mji. Asiye na paa ni wa Bwana Shauri."

Tabu akauliza wapi mtu anaweza kusimamisha paa bila kufukuzwa. Akida akaonyesha kwa fimbo ng'ambo ya korongo, upande wa Kizota, mahali pa mawe na miiba. Akasema huko hakuna atakayegombana nasi isipokuwa fisi. Watu wa barazani walicheka naye. Tabu hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Umesema mbele ya watu, bwana akida," akarudi na maneno yale ya dhihaka kama mtu aliyepewa hati.

Jioni tulikaa wote, watu wa vibanda vidogo vya wenye watoto na sisi makapera wa banda refu. Waliosema zaidi walikuwa watatu. Bibi Swaumu, aliyewahi kuwapikia wapagazi wa misafara zama za biashara ya pembe, mwenye ulimi wa kukwangua chungu. Athuman, Mrangi, aliyetusalisha. Tulimwita Mwalimu, ingawa sura alizozijua hazikuwa nyingi, na ukaidi wake ulikuwa mwingi. Na Yotham, Mgogo aliyesoma kwa wamisheni Mpwapwa akabatizwa, kisha akafiwa na ng'ombe wote. Yotham ndiye aliyejua kujenga tembe.

Tukakubaliana hivi: tembe moja, kuta za kuzunguka ua, vyumba vimeshikana bega kwa bega, kila kaya na mlango wake. Mtu mmoja hawezi kujenga kabla ya gulio, lakini wote pamoja tunaweza. Kesho yake tukaanza. Wanaume walichimba na kukanyaga udongo, wanawake walichota maji kwenye visima vya mchanga korongoni, na aliyekuwa mgonjwa alikaa kivulini akisuka kamba za magome. Bibi Swaumu aliweka sheria kwamba asiyekanyaga udongo haonji uji, na alianza kwa kumnyima Athuman siku alipochelewa. Kuta zikapanda. Watu wa stesheni walikuja kutazama, wengine kucheka, wengine kuuliza kama kuna nafasi.

Lakini Yotham hakufurahi. Alisema kuta ni mchezo wa watoto, tembe ni paa. Paa la tembe linataka nguzo zenye panda, boriti nene za kulala juu yake, fito, majani, kisha udongo wa kina cha shibiri nzima. Miti ya karibu na mji ilikuwa imeingia yote kwenye tumbo la garimoshi. Boriti zilibaki kwenye pori la wenyeji, nyuma ya makazi ya mzee mmoja mwenye mifugo anayeitwa Ndahani, na sisi hatukuwa na mashoka, wala mabega ya kutosha, wala ruhusa.

"Basi twende tukamwombe," Tabu alisema.

Yotham akaeleza kwamba Ugogo huombi paa. Unaita watu. Unapita kwenye makazi yao unasema siku fulani, mahali fulani, pana ujimbi, ile pombe yao ya mtama. Wanakuja na mashoka yao, na boriti begani, na nyimbo, na jua likizama nyumba ina paa. Pasipo ujimbi hapana watu. Yeye mwenyewe hakuwa anakunywa, wamisheni walikwisha kumkataza, lakini ndivyo watu wanavyoitwa.

Nafaka ilikuwa moja tu mabandani. Hakuna aliyelitaja lile gunia. Kila mtu alitazama mahali pengine, na kwa kutazama mahali pengine wote tulikuwa tunalitazama.

Athuman alisema pombe ni haramu, na paa lililopandishwa kwa pombe yeye hatasali chini yake.

"Salia juani, Mwalimu," Bibi Swaumu akamjibu. "Huko mkongeni jua lipo tele."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakamtazama Tabu. Yeye pia alikuwa mtu wa sala. Alisema apewe muda. Asubuhi tulipoamka tulikuta mtungi umejaa mtama umelowekwa ili umee, na gunia limepungua zaidi ya nusu. Mtoto wake mdogo alikuwa amechuchumaa kando ya mtungi akichovya mkono, na Tabu anamwondoa pole pole, bila kumkaripia.

Athuman alipoona hivyo akaja na shauri. Alisema mtama huohuo, kimea hichohicho, utengeneze togwa. Uipike, uiache ilale, iwe tamu, uitoe kabla haijageuka. Wagogo nao wanakunywa togwa. Mwaka wa njaa, nani atakataa kitu kitamu na cha kushibisha? Hapo dini imepona na paa limepatikana. Shauri hilo tulilipenda sote, na nadhani tulilipenda kwa sababu lilituondolea ugomvi. Tabu alilipenda kuliko wote. Nilimwona mabega yakishuka.

Yotham peke yake alikataa. Alisema togwa kwao ni ya watoto na ya mwanamke aliyejifungua. "Ukimwita mwanamume kazini kwa togwa," alisema, "umemwita mtoto. Afadhali usimwite." Tukamwambia anaogopa kivuli. Alikuwa mmoja, tukamshinda. Akaenda kuita. Alipoulizwa kama kinywaji kipo alijibu kipo, na hilo halikuwa uongo, lakini alirudi uso wake umekunjamana.

Siku iliyopangwa ilikuwa mkesha wa gulio. Kama mambo yangeharibika hapakuwa na siku nyingine.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Waliimba wakipokezana, na chini ya wimbo kulikuwa na mshindo wa miguu ya watu wenye mizigo. Walitokea korongoni wamebeba boriti begani, wawili wawili, watatu watatu, na wanawake nyuma yao na mafungu ya fito na ngozi za kubebea udongo. Ndahani alitangulia na shoka, mtu mrefu, ndewe za masikio zimening'inia, nywele zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu. Yotham alimwamkia kwa mbukwenyi, sisi tukamwamkia shikamoo, yeye akaitikia zote mbili bila kusimama.

Walitua boriti. Kwa desturi yao, kabla shoka halijanyanyuliwa, mkubwa wa wageni huonja. Tabu alimletea kibuyu kwa mikono miwili, amepiga goti. Ndahani akanywa funda moja.

Hakutema. Ingekuwa afadhali angetema. Alikishika kile kibuyu kitambo, akampa aliyekuwa karibu naye, naye akaonja akampa mwingine. Kibuyu kikazunguka kwa watu wazima wote mpaka kikarudi. Ndahani akaita mtoto mmoja wa mabandani, akampa anywe. Kisha akakaa juu ya boriti yake. Wenzake wote wakakaa.

Alisema kwa Kigogo, na Yotham akatufasiria, macho chini. Ndahani alikuwa anauliza nani kati ya watu wake amejifungua.

Vijana wake walicheka kicheko kibaya. Athuman alijaribu kueleza mambo ya dini, Yotham akafasiri, Ndahani akasema dini ni ya mwenye nayo, yeye hakuja kuiondoa. Ila mtu akiwa hana ujimbi akae kimya kwake, asiwatoe watu wazima porini na miti mabegani kuja kunywa uji wa wanawe. Watapumzika, watabeba miti yao, watarudi.

Kuta zetu zilikuwa zimesimama nyuma yake, wazi juu, kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilimtazama Yotham nikangoja atuambie, niliwaambieni. Yeye alikuwa anazitazama boriti.

Tabu alikuwa bado amepiga goti. Alianza kusema pale pale chini, kwa Kiswahili, pole pole ili Yotham asikose neno. Alisema hakuwadharau. Alisema ule ni mtama wa watoto wake mpaka mvua, na ameumwaga zaidi ya nusu kwa ajili yao, na aliuzuia usigeuke kwa sababu anaogopa Mungu. Kesho gulio likivunjika kamba itakuja, na yeye hajui nani atawalisha wanawe huko mkongeni wala kama watafika. Hana ujimbi. Anaomba tu.

Ndahani alimsikiliza mpaka mwisho. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na watu wake nyuma yake, wenye haki ya kukasirika, na mkubwa hawezi kuvunja desturi kwa sababu mwanamke analia, na Tabu hata hakuwa analia. Alijibu kwa maneno marefu. Yotham akafasiri kwa ufupi: "Anasema anakuonea huruma, lakini huruma haipandishi boriti. Kwao nyumba isiyodai ujimbi ni moja tu, nyumba iliyoungua. Mtu akiunguliwa, hata awe adui, wanakuja wanajenga, hawaulizi kinywaji. Anasema nyinyi hamjaunguliwa. Hamjapata hata nyumba ya kuungua."

"Sema tena," Tabu alisema.

Yotham akarudia. Tabu akasimama, akafuta magoti vumbi, akaenda kwenye moto uliokuwa umepikia togwa akachomoa kijinga cha moto. Akawaambia wanawe wakae kwa Bibi Swaumu wasibanduke. Akaanza kutembea kuelekea reli.

Tulimwelewa akiwa tayari ameshavuka korongo. Athuman alimkimbilia, nami nikamfuata Athuman. Alikuwa amefika kwenye kibanda chake, anatoa vitu vyake nje kwa mkono mmoja, mkeka, chungu, kanzu ya marehemu, na mkono wa pili ameinua moto.

"Dada, ukichoma, leo unalala wapi?" Athuman alimwuliza.

"Chini ya paa, au mikononi mwa akida."

"Na wale wakienda zao?"

"Watakwenda zao wakinitazama."

Akagusisha moto kwenye nyasi. Nyasi za misimu miwili hazihitaji kubembelezwa. Kibanda kilishika kuanzia chini mpaka juu kwa pumzi moja, na moshi ukaenda juu mweusi, ukaonekana mpaka bomani, mpaka stesheni. Tulirudi nyuma kwa joto. Ng'ambo ya korongo Wagogo wote walikuwa wamesimama.

Tabu alirudi akiwa amebeba mkeka wake kichwani. Alimpita Athuman, akampita kila mtu, akaenda kusimama mbele ya Ndahani.

"Mwambie nimeunguliwa," alimwambia Yotham.

Yotham hakuwa na haja ya kufasiri. Ndahani alitazama moshi, akamtazama Tabu, akatazama moshi tena. Wazee wawili wa upande wake walianza kubishana, na ingawa sikujua lugha yao nilijua wanachobishania: kama moto wa kujiwashia nao ni moto. Ndahani aliwaacha wabishane. Kisha akainama akashika ncha ya boriti. Kijana wake mkubwa akashika ncha ya pili.

Ndahani alisema jambo, Yotham akatuambia: "Anasema imeungua nyumba moja. Wataezeka chumba kimoja."

Bibi Swaumu hakungoja lifasiriwe mara mbili. Aliwaacha wale watoto kwa mwanamke mwingine, akaenda akijikokota na fimbo yake, na baada ya muda kibanda chake nacho kilikuwa kinawaka, na yeye anarudi akisema kwa sauti kwamba chawa wake wameteketea na yeye ni mtu mpya. Vijana wa Ndahani walicheka, safari hii kicheko kingine. Baada ya hapo walikwenda wenye watoto, mmoja mmoja, kila mtu akatoa vyombo vyake akachoma cha kwake. Hakuna aliyechoma cha mwenzake. Na kila kilipowaka kimoja, Ndahani alinyoosha kidole kwenye chumba kimoja zaidi na boriti zikapanda.

Banda refu lilichelewa. Lilikuwa la watu wengi, na ndani yake walikuwamo wagonjwa, na wengine wetu walisema tungoje tuone kama kazi ya kwanza itaisha. Tulibishana mpaka jua likaanza kuinama. Athuman ndiye aliyekata maneno. Aliingia ndani akawabeba wagonjwa wawili mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akawavusha mpaka kwenye chumba cha Tabu, akarudi akachoma. Wakati huo upande wa wenye watoto ulikuwa umekwisha boriti na fito na majani, na wanawake wa Kigogo na wa mabandani walikuwa wanapandisha udongo kwa ngozi, foleni moja, wakiimba wimbo ambao wetu walikuwa hawaujui lakini kiitikio walikuwa wamekwisha kukidaka. Upande wetu ulikuwa na boriti tu na fito chache. Tukapanda juu kufunga fito. Tulikuwa tunafanya kazi kama watu wanaochimba mwenzao aliyefukiwa.

Moshi ndio uliomleta akida. Alikuwa hakukusudia kuja mpaka gulio livunjike, lakini mabanda yalipowaka kwa mfululizo alidhani tunatoroka, na akida anayepotelewa na wahuni anaulizwa. Akaja na askari wa boma, bunduki mabegani na kamba mikononi. Walivuka korongo kwa haraka, wakauzingira ule upande wetu kwanza kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Sisi tulikuwa juu. Tulitazama chini tukaona tarbushi za askari.

"Kaeni hapohapo juu," mmoja alisema. "Mtashuka mkiitwa."

Wimbo wa wanawake ulikatika. Akida alizunguka ua akitazama milango, akatazama majivu ya mabanda kwa mbali, akawatazama watu wa Ndahani, waliokuwa wengi kuliko askari wake na bado wana mashoka mikononi. Alitoa leso akapangusa shingo. Tabu alitoka mlangoni kwake, akamwamkia kwa adabu ileile ya siku ile.

"Nyumba ni paa, bwana akida," alisema. "Hili ni paa."

Akida alisema hilo si paa, ni udongo uliotupwa juu ya miti, litamwangukia mtu. Ndahani alifasiriwa, akasema neno, watu wake wakacheka, na Yotham akaona si busara kulifasiri. Akida aliona anachekwa. Akamwamuru askari mmoja, mtu mnene wa Kimanyema, apande juu ya paa la Tabu aruke na viatu vyake. Likishika, ni nyumba. Likivunjika, wote kamba, na aliyewasha moto atajibu bomani.

Udongo ule ulikuwa haujashindiliwa sawasawa. Yotham alijua, niliona alivyoshika mdomo. Boriti zilikuwa nzuri, lakini fito za upande mmoja zilifungwa kwa haraka, na kamba za magome zilikuwa bado mbichi. Tabu angeweza kusimama nje pamoja na sisi wengine akangoja. Aligeuka, akawashika wanawe mikono, akaingia ndani akakaa katikati ya chumba pamoja na wale wagonjwa wa Athuman, na Bibi Swaumu akaingia naye, akisema kama litaanguka limwangukie mwenye umri wa kufa.

Mmanyema alipanda kwa mgongo wa mwenzake. Alisimama juu, akatazama chini kwa akida kama anayeuliza kweli nifanye. Akida akakubali kwa kichwa. Akaruka.

Vumbi lilitoka mlangoni kama moshi wa bunduki. Tukasikia mtoto akikohoa ndani. Akaruka mara ya pili, na kitu kikalia, mti ukiachana na mti, na mimi huku juu ya upande wetu nilishika boriti kwa mikono miwili kama vile ningeweza kuzuia ile nyingine. Akaruka tena. Kisha akasimama, akapapasa udongo kwa ncha ya kiatu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa:

"Bwana akida, hapa unaweza kufunga ng'ombe."

Akida alikunja leso yake. Amri ilikuwa imepigwa kwa ngoma, na yeye alikuwa amesema nyumba ni nini mbele ya baraza nzima, na sasa Wagogo hawa wangeyapeleka maneno hayo kila mahali wanakonyweshea ng'ombe. Akasema wale wa upande huu wana nyumba. Akalifuata paa kwa macho mpaka mahali udongo ulipokoma, akafika kwetu.

"Na hawa juu ya miti ni ndege?"

Tabu alitoka amejaa vumbi jeupe mpaka kope. Alisema hao ni watu wa nyumba hii, waingie waenee. Akida akasema chumba kimoja nyumba moja, asichezewe. Gulio halijafika, lakini amekuja na kamba na hatarudi na kamba tupu. Ndahani alisogea hatua mbele, na askari wakashusha bunduki kutoka mabegani. Hakuna aliyesogea tena. Upepo ulikuwa unaleta majivu.

Athuman ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alimwambia Tabu kwa Kirangi maneno machache, kisha kwa Kiswahili, ili wote tusikie, akasema tusimpe akida sababu ya kuhesabu upya. Tukashuka. Wale wagonjwa waliokuwa wamelala kwa Tabu hawakuguswa. Sisi wazima tukafungwa kamba ya shingo, Athuman mbele, mimi nyuma yake.

Nilikaa mkongeni mpaka vita vya Wazungu, na nikapita kambi nyingi baada ya hapo, na wengi tuliokwenda nao hawakurudi. Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nisijikwae kwenye mawe ya korongo, na nikasikia nyuma yangu ngozi za udongo zikiburutwa. Nikageuka kadiri kamba ilivyoniruhusu. Ndahani alikuwa amepanda juu ya upande wetu na kuanza kufunga fito tulipoishia. Foleni ya wanawake ilikuwa imehama kutoka kwenye paa lililokwisha, ikawa inapandisha udongo kwenye chumba chetu kisicho na mtu.

Tabu alikuja mbio mpaka ukingo wa korongo, mikono imejaa udongo.

"Mwalimu," aliita. "Mlango wenu tuuelekeze wapi?"

Askari alimsukuma Athuman. Athuman alisimama hivyohivyo, shingo imevutwa.

"Popote, dada," alisema. "Ila usitazame boma."

Akasukumwa tena, tukaenda.